Nyimbo Zisizo na Mwenyewe

Wiki iliyopita niliwaacha jikoni kwa mama yangu, Leith, mikono yangu imo ndani ya beseni la nepi, na redio inaimba wimbo wangu kwa sauti ya mwanamke mwingine.

Kwa aliyenikuta njiani: mimi ni Senga Tulloch. Mimi na Lachlan Orrock tulikuwa wawili, tukijiita Mbigili na Mwezi. Yeye gitaa, mimi maneno na sauti. Tulianzia Edinburgh, ghorofani kwa Pirie, juu ya baa, enzi hizi ambazo vijana wanafuga nywele, wanachoma ubani na kudai wanaona rangi ambazo hazipo.

Nikapata mimba. Shule niliyokuwa nafundisha upishi ikanionyesha mlango, stashahada yangu mkononi. Lachlan akasema tumbo linanibana pumzi, nipumzike kidogo. Akaenda Moroko kutafuta sauti mpya. Akarudi na gambusi na Araminta.

Araminta ni Mwingereza wa kusini, binti wa watu wenye farasi. Anavaa joho la mahameli na anagonga matuazi madogo ya vidoleni. Jina la Mbigili na Mwezi halikubadilishwa. Kilichobadilishwa ni Mwezi tu.

Basi redio ikaimba *Binti wa Chumvi* mpaka mwisho, na mtangazaji akasema, "Huo ni wimbo wa kale sana. Mtunzi wake hajulikani."

Mtunzi wake alikuwa amesimama pale, povu limemfika viwikoni. Wimbo huo niliutunga mwaka juzi nikimenya viazi.

Mama akaizima redio. "Acha kuitazama hivyo, utaipasua."

"Ameniibia, mama."

"Wewe kilio chako ni wimbo. Huyu mtoto, Una, anahitaji baba."

"Una ana mama."

"Mama asiye na jina la kumpa! Nikienda kanisani wananiuliza mjukuu wangu anaitwa nani wa nani. Nijibu nini? Una wa Redio?"

Niliendelea kukamua nepi, na nepi ile ilikuwa shingo ya mtu.

Mtaniuliza, kwa nini sikwenda kusema kwamba nyimbo ni zangu? Kwa sababu ya Dougal Pirie. Pirie ni dereva wa basi, ana ndevu za nabii, na klabu yake ya nyimbo, ile ya ghorofani, anaiongoza kama kanisa. Hakutaka nyimbo za kutungwa juzi. Za kale tu. Kwa hiyo tangu jioni yetu ya kwanza Lachlan alikuwa akiwaambia watu kwamba nyimbo zetu tumezirithi kwa bibi yangu, mpasua samaki wa Eyemouth, naye alizirithi kwa bibi yake. Watu walikuwa wakifuta machozi. Bibi yangu, Mungu amrehemu, alikuwa na sauti ya bawaba isiyotiwa mafuta. Hata kanisani hakuimba, kwa kuombwa anyamaze.

Sasa mji mzima unaamini nyimbo ni za marehemu. Nani angeniamini mimi?

*

Habari yenyewe niliipata kwenye nyumba ya kufulia ya mtaa. Nilikwenda Jumatatu na kigari cha mtoto, Una upande mmoja, nguo chafu upande wa pili. Bella Gunn alikuwa kwenye sinki la jirani. Bella ana mikono ya mchukuzi wa bandarini, na siri haikai kwake hata ukiifungia.

"Umesikia?" akasema. "Dada yangu anafagia pale kwenye baa chini ya kina Pirie. Alhamisi anakuja bwana wa kampuni ya santuri, kutoka London. Anakuja kumsikiliza huyo bwana ako na yule mwenye pazia mabegani."

"Si bwana angu."

"Akiwapenda, wanarekodi santuri nzima. Nyimbo zote saba."

Nyimbo zote saba zilikuwa zangu. Zikishaingia kwenye santuri kwamba hazina mtunzi, zimekwisha. Siku Una akizisikia atadhani mama yake alikuwa mfuaji tu.

Bella aliniona uso. "Niachie mimi. Naenda pale, namshika ukosi, namleta hapa, nampitisha kwenye mashine ya kukamulia. Anatoka bapa kama shuka."

"Hapana, Bella."

"Mkono mmoja tu."

"Hapana. Ukimpiga watu watamhurumia, na huruma ataigeuza wimbo."

"Atautunga na nani? Si mpaka akuibie?" Wanawake wote wakacheka.

Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeliona jambo ndani ya mvuke.

"Bella, zile nyimbo ni za nani?"

"Zako."

"Hapana. Redio imesema hazina mwenyewe. Kama hazina mwenyewe, ni za kila mtu. Sasa nyinyi ni akina nani?"

Bella akaacha kusugua.

Nikawaeleza. Kwa Pirie kuna desturi mbili. Kwanza, kabla ya wageni wa jioni kupanda jukwaani, mtu yeyote anaruhusiwa kuinuka kitini pake na kuimba wimbo mmoja. Pili, wimbo ukishaimbwa, hauimbwi tena jioni ile, hata uwe nani. Pirie aliwahi kumkatiza mgeni kutoka Dublin katikati ya ubeti kwa sababu muuza maziwa alishauimba wimbo ule.

"Kwa hiyo tukiziimba sisi kwanza..." akaanza Bella.

"Atapanda na gambusi lake na joho la mwenzake, na hana cha kuimba. Mbele ya huyo bwana wa London."

Bella alicheka mpaka Una akaamka.

Niliwafundisha kama nilivyokuwa nikifundisha kukanda unga: hatua kwa hatua, bila mchezo. Kila mmoja wimbo wake. Tulianza Jumatatu ile ile, na kila siku nilirudi hata kama sikuwa na nguo chafu.

"Senga," akauliza mmoja, mke wa fundi bomba, "haya maneno, *jicho la mwezi linanyonya bahari kwa mrija wa ukungu*, maana yake nini?"

"Hayana maana. Imba."

"Ulikuwa umevuta nini?"

"Nilikuwa nakunywa chai."

"Chai ya wapi hiyo? Niagizie."

Sita niliwafundisha. Wa saba, *Kitanda cha Ukungu*, sikuufundisha. Huo ni wimbo wa kumlaza Una. Lachlan aliusikia nikiwa bado na tumbo, beti mbili tu, wimbo haujafika mwisho. Zilizofuata nilizitunga akiwa Moroko, na nilikuwa nikiziimba jikoni kwetu tu.

Nilimwachia huo mmoja makusudi. Unapotega panya unamwachia kipande cha jibini. Angeukimbilia, angefika mwisho wa ubeti wa pili, na pale angesimama kama basi lililoishiwa mafuta.

*

Alhamisi saa moja jioni nilimwachia mama mtoto nikaenda.

Lachlan alikuwa mlangoni, shati lake limetariziwa maua, ndevu zimechanwa. Akanifungulia mikono. "Senga! Umependeza."

"Wewe umekonda."

"Una hajambo?"

"Ameota meno mawili."

"Yanafanana na ya nani?"

"Yanamwuma mtu bila sababu. Yatakuwa ya kwenu."

Akacheka. Lachlan ukimtukana anacheka, ndiyo maana inachukua muda kumchukia. Nyuma yake alikuwa Araminta, njuga miguuni.

"Karibu, dada," akasema.

"Mimi si dada yako."

Akainamisha macho. Nikafurahi.

Lachlan akanivuta mpaka kiti cha mbele, alipokaa bwana mmoja mwenye suti ya kijivu. "Bwana Hartnoll, huyu ndiye mjukuu wa yule bibi."

Bwana Hartnoll akanishika mkono kwa heshima ya msibani. "Bibi yako alikuwa hazina, binti. Natamani ningemsikia."

"Ungemsikia usingesahau," nikasema. Na huo ndio ukweli pekee uliosemwa kwa Pirie mpaka saa ile.

Hapo ndipo Bella alipoingia, na wenzake nyuma yake, vilemba vichwani na mikoba mikononi, wakakaa safu moja kama wakaguzi wa shule, katikati ya wale vijana wenye nywele ndefu.

"Nani hawa?" akauliza Lachlan.

"Wapenzi wa muziki wa kale," nikasema.

Pirie akagonga meza. "Jamani. Kabla ya wageni wetu, nani anaimba?"

Bella akasimama. Hakwenda jukwaani. Aliweka ngumi kiunoni, akafumba macho, akaimba *Binti wa Chumvi*.

Niliutunga wimbo ule, lakini sikuwahi kuusikia vile. Sauti iliyozoea kushindana na mashine za kufulia, umeiweka kwenye chumba kidogo! Glasi zililia. Alipofika kwenye kiitikio chumba kizima kiliitika, na Lachlan naye akaitika huku akitabasamu, kwa kuwa wimbo mmoja si kitu.

Akasimama mke wa fundi bomba. Wa pili ukaenda.

Tabasamu la Lachlan likabaki mdomoni, machoni likaondoka.

Wa tatu. Lachlan akamnong'oneza Araminta. Wa nne. Lachlan akaliweka gambusi chini, akaenda mpaka kwa Pirie, akadhani ananong'ona.

"Wanaziimba zetu!"

"Zenu zipi? Wanaimba nyimbo za kale," akasema Pirie. "Tena wanaimba vizuri. Kaa chini."

"Wamepangwa, Dougal. Wasimamishe."

"Kwa kosa gani? Nyimbo za marehemu hazina mlinzi."

Wa tano ukaanza. Na wa sita. Nilikuwa nautazama mgongo wa Lachlan, na moyoni nilikuwa nahesabu kama mtu anayechuna ndege: unyoya mmoja, unyoya mwingine.

"Wasimamishe!" Safari hii alipiga kelele. "Nyimbo hizi ni zangu!"

Mwimbaji akanyamaza. Bwana Hartnoll akageuka kitini. "Zako kivipi, kijana?"

Jasho lilikuwa limemtoka Lachlan. Alinitazama. Halafu akasema, "Nilizitunga mimi. Zote."

Hapo nilijua nimekosea hesabu. Nilimtegea akose nyimbo. Sikujua kwamba angekosa haya.

"Mwongo!" Nilisimama mpaka kiti kikaanguka. "Nilizitunga mimi!"

Pirie alitutazama kwa zamu. "Na bibi?"

Lachlan akayatazama maua ya shati lake, Pirie akagonga meza.

"Miaka miwili mmetutoa machozi kwa bibi mpasua samaki. Mke wangu alimwombea misa. Leo bibi hayupo, na kuna watunzi wawili!"

Watu wakacheka, na walinicheka mimi kama walivyomcheka Lachlan. Lakini Bwana Hartnoll hakucheka. Aliinamia mbele. "Mimi sikatai nyimbo kuwa na mtunzi. Mtunzi aliye hai ni bora zaidi, maana atatunga nyingine. Ila nataka kumjua ni yupi."

"Ni mimi," akasema Lachlan. "Na nitakuimbia ambao hawa hawaujui."

Akachukua gambusi. Vidole vikaanza *Kitanda cha Ukungu*.

Nilikiinua kiti changu nikakaa. Panya alikuwa amesogea.

Ubeti wa kwanza aliuimba vizuri, siwezi kukataa. Wa pili aliuimba vizuri zaidi. Mvulana mmoja mbele yangu alikuwa amefumba macho, anayumba. Halafu ubeti wa pili ukaisha.

Vidole vya Lachlan vikazunguka. Vikarudi pale pale. Vikazunguka tena. Bwana Hartnoll akainua unyusi. Nilikunja mikono nikamtazama Lachlan usoni, nikamwonyesha meno yangu yote.

Na Araminta akafungua mdomo.

*Lala, mvuke wa birika ni farasi mweupe,*
*panda, mwanangu, hatuendi mbali.*

Ubeti wa tatu. Wangu. Neno kwa neno.

Ubeti ule walikuwa wameusikia watu wawili tu duniani. Mmoja ana meno mawili na hasemi. Niligeuka nyuma.

Mama yangu alikuwa amesimama mlangoni, kofia yake ya kanisani kichwani, amembeba Una.

*

Makofi yalipoanza Lachlan alikuwa wa kwanza kuinama. Lakini Araminta alivua matuazi vidoleni, akayaweka sakafuni, akainua mkono.

"Ubeti huu si wa Lachlan," akasema. "Nilifundishwa juzi, jikoni Leith, na yule mama mwenye kofia. Senga alikuwa ameenda kufua. Mwambieni Lachlan aimbe wa nne."

"Hakuna wa nne," akasema Lachlan haraka.

"Upo!" Mama alijibu toka mlangoni, kwa hasira ya mtu aliyetukaniwa pishi lake. "Mtoto asipoimbiwa wa nne halali!"

Chumba kikageuka kizima. Pirie akanyoosha kidole. "Senga. Tuusikie."

Nilikwenda mpaka mlangoni nikamchukua mwanangu. Alikuwa ameshaanza kulia kwa sababu ya moshi na sura ngeni. Niliuimba wa nne pale pale, bila gitaa, bila gambusi, kwa sauti ile ile ya jikoni. Kabla sijafika mwisho Una alitia kidole gumba mdomoni, kichwa kikaanguka begani pangu, akafumba macho.

Hakuna aliyepiga makofi. Waliogopa kumwamsha.

"Basi," akasema Pirie polepole. "Shahidi huyo hajafundishwa uongo."

Bwana Hartnoll alikuwa ameshafika mbele yangu. Alinong'ona. "Binti, jina lako litaandikwa kwenye santuri. Nyimbo zote. Lakini sitaki sauti moja. Nataka hizi mbili, yako na ya yule msichana. Mkubali wote, au nirudi London mikono mitupu."

Araminta alikuwa nyuma yake, amenyoosha mkono.

Niliutazama mkono ule. Umelala kwenye kifua cha baba wa mwanangu. Umegonga matuazi juu ya maneno yangu. Kwa miezi nilikuwa nimepanga namna ya kuuvunja.

"Kwa nini umefanya hivi?" nikamwuliza.

"Wiki iliyopita aliniambia joho linanibana pumzi," akasema Araminta. "Akasema nipumzike kidogo."

Nilihisi kitu kama kicheko, nikakizuia.

"Na mama yangu kakufundisha bure?"

"Hapana. Tulibadilishana. Yeye kanipa ubeti, mimi nikampa alichokitaka."

"Alitaka nini?"

Sikuhitaji kujibiwa. Mama alikuwa anapenya kati ya viti, uso unang'aa, na mkononi amemshika Lachlan kwa mkono wa shati lake lenye maua, kama mtu anayerudisha mbwa aliyepotea.

"Haya!" akasema. "Huyu binti ameshamwacha. Nimekurudishia mtu wako, mwanangu. Sasa Una atakuwa wa nani? Wa Orrock!"

"Mama, umefanya nini?"

"Nimefanya ambalo wewe umeshindwa. Lachlan, sema ulichoniambia sasa hivi kule jukwaani."

Lachlan, ambaye hajawahi kuona mlango wazi asipite, akapiga goti mbele ya watu wote. Macho yake yalikuwa yale yale ya jioni ya kwanza. Nilitamani kuyatoboa, na nilitamani nisiyafahamu vizuri hivyo.

"Senga," akasema, "nikuoe. Mtoto apate jina. Na tusigombanie nyimbo tena, ziwe zetu, mke na mume. Jina moja juu ya santuri. Orrock."

Akina mama wawili watatu wakasema "Aaa!" kwa huruma. Mama alikuwa analia kwa furaha. Bwana Hartnoll alitafakari kidogo, akakuna kidevu.

"Mke na mume," akasema. "Hiyo nayo watu wataipenda. Nikubali lipi, binti?"

Kulia kwangu mkono wa Araminta ulikuwa bado uko hewani. Kushoto kwangu Lachlan alikuwa ameukamata upindo wa sketi yangu. Una amelala begani.

Nilisikia mkoba ukiwekwa chini nyuma yangu. Bella Gunn alikuwa amesimama karibu kabisa, anakunja mikono ya blauzi, taratibu, mmoja halafu mwingine.

"Senga," akaninong'oneza sikioni, "sasa naruhusiwa?"